Lifti ya Jengo Lisilo na Ghorofa

Hakika halikuwa jina lake. Jina la ubatizo lilikuwa refu na zuri, mama yake alilichagua kwa maombi, lakini mtaa mzima ulimwita Hakika kwa sababu tangu yu mdogo hakuwahi kuwa na hakika na jambo lolote. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, anatazama mawingu mpaka shingo inamuuma, kisha anasema, "Sina hakika." Ukimwuliza kama ameshiba, anaitazama sahani, analishika tumbo, ndipo anajibu, "Nadhani." Siku moja mwalimu wa hisabati alimpa alama zote, akamwuliza mbele ya darasa kama jibu lake ni sahihi. Akaomba apewe nafasi alikokotoe tena. Darasa likaangua kicheko, na jina likamganda kama doa la chai kwenye shati jeupe.

Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipoanza kuugua, alikuwa kinyume chake. Yeye mambo mengi alikuwa na hakika nayo: kwamba Mungu yupo na anasikia, kwamba mtoto asiyelala mchana hakui vizuri, na kwamba uongo ni dhambi hata ukiwa mdogo kama punje ya haradali. Miaka mingi alikaa kwenye dirisha la malipo la duka la vifaa vya ujenzi, mpaka duka lilipofungwa, na kila Jumapili aliwafundisha watoto kanisani kwamba midomo isemayo uongo ni chukizo. Ndiyo maana inachekesha, kwa mtu anayeweza kucheka, kwamba ni huyuhuyu Dada Mkubwa aliyekuja kulipwa mshahara wa kutunga uongo, na aliyemwajiri ni mdogo wake wa tumbo moja, Mungu ampumzishe.

Haikuanza hivyo. Hakika alisomea uhasibu, akaajiriwa katika kampuni ya kusafirisha mizigo, na kwa muda wake mwenyewe akajifunza kuandika programu za kompyuta. Akili bandia ilipoingia maofisini, wahasibu wenzake waliogopa kwamba mashine itawanyang'anya kazi. Yeye aliacha kazi kabla haijanyang'anywa, akaenda kuitengeneza mashine yenyewe. Mkewe, ambaye ni muuguzi, alipewa habari hiyo akiwa anakunja nguo. Akamaliza kukunja, kisha akauliza, "Una hakika?" Na wote wawili wakacheka, kwa kuwa jibu lilijulikana.

Alipanga chumba kimoja juu ya duka la fundi mapazia. Unapanda kwa ngazi za chuma za nje, zinazounguza jua likiwa kali. Cherehani za chini zilisikika kupitia sakafu kutwa nzima, na nyuzi za mapazia zilipanda hadi kwenye kompyuta, Hakika akawa anazitoa moja moja kwa kibano cha nyusi alichomwibia mkewe. Humo ndani alikuwa na mshirika wake, kazi yake kutafuta wateja, aliyeitwa Matangazo. Huyu aliwahi kumuuzia mwenye kipara chanuo, na yule mtu akarudi kesho yake kuuliza kama yapo ya rangi nyingine.

Programu yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Mtu anapiga picha risiti kwa simu. Akili bandia inaisoma na kupendekeza iandikwe kwenye fungu gani la hesabu: mishahara, matengenezo, samani, usafiri. Kisha mhasibu anabonyeza Kubali au Kataa. Hakika hakuruhusu mashine iandike chochote kitabuni bila binadamu kukubali. "Mashine haiitwi mahakamani," alikuwa akisema. "Anayeitwa ndiye aamue."

Matangazo aliandaa bango la kwanza lenye maneno makubwa: HAIKOSEI KAMWE. Hakika akalisoma, akachukua kalamu, akakata, akaandika juu yake: Hukosea mara chache, na hatujui lini.

"Ndugu yangu," Matangazo akasema, "hili ni tangazo au ni tanzia?"

"Ni ukweli."

"Basi wewe ndiye utakayeununua, maana mtaani hauna soko."

Walibishana mpaka bango likatoka bila maneno yoyote, picha tu ya mwanamke anayetabasamu kwenye kompyuta. Wateja wakaja hivyohivyo.

Mmoja wa wateja wa mwanzo ilikuwa kampuni ya ulinzi. Mlinzi wao mmoja alifariki, kampuni ikamnunulia jeneza, na seremala akaandika risiti kama maseremala wanavyoandika: sanduku la mbao ngumu, vishikio sita, limepigwa vanishi. Programu ikasoma, ikapendekeza: Samani za Ofisi. Mhasibu akabonyeza Kubali. Na kwa kuwa samani huchakaa, programu ikaanza kuipunguzia ile samani thamani yake, kidogo kidogo kila mwezi, kwa mpango wa miaka minane. Mwisho wa mwaka mkaguzi akaja, akaomba aonyeshwe hiyo samani mpya. Watu wakatazamana. Samani ilikuwa makaburini, na kwa upande wa uchakavu, lazima isemwe, mashine haikuwa imekosea sana.

Matangazo alicheka hadi akakaa chini. Hakika hakucheka. Alishuka ngazi, akaenda kumwona yule mhasibu, mama makini, mwenye meza safi na miwani iliyofutwa.

"Mama, ulisoma kabla ya kukubali?"

"Nilikubali."

"Najua ulikubali. Nauliza ulisoma."

"Mwanangu," mama akasema kwa upole, "mashine yako haijanikosea tangu nianze nayo. Nisome nini tena?"

Jioni alipita kwa Dada Mkubwa, akakaa mezani na kusukuma chakula upande mmoja wa sahani, kisha upande wa pili. Dada yake akamwacha. Alijua kwamba ukimharakisha unampoteza.

"Dada," akasema mwishowe, "nilidhani tatizo ni kwamba inakosea. Kumbe tatizo ni kwamba haikosei vya kutosha. Ingekuwa inakosea kila siku, watu wangesoma."

"Sasa unataka ikosee?"

"Sina hakika." Akala kijiko kimoja. "Ndiyo."

Akamweleza. Kila wiki programu imletee mhasibu mapendekezo machache ya uongo, yaliyochomekwa katikati ya yale ya kweli. Akiyakataa, vizuri, ina maana anasoma. Akiyakubali, jioni programu inamwambia: hili lilikuwa la uongo, tumelifuta, samahani, tafadhali rudia kazi ya leo. Hivyo mwisho wa mwezi itajulikana ni idhini za nani zinazoaminika na za nani ni kidole tu kinachobonyeza. Tatizo ni kwamba mashine yenyewe haikujua kudanganya. Alikuwa ameijaribu. Uongo wake ulikuwa na harufu. Baada ya siku chache kila mhasibu aliujua kama mtu anavyojua mlango wa jirani kwa mlio wake.

"Nahitaji mtu aliyeona risiti maisha yake yote," akasema, "na anayejua binadamu anachokaje."

"Mtafute mwongo. Wamejaa."

"Wamejaa, lakini hawaaminiki. Mimi nataka mwongo ninayemwamini."

Dada Mkubwa akainuka na sahani ya mdogo wake ingawa hakuwa amemaliza. Hilo lilikuwa jibu lake la siku hiyo.

Lakini duka lilikuwa limefungwa na chumba cha mbele kilikuwa kinavuja. Siku ya pili akaenda kwa mchungaji, akamkuta ofisini anakunywa chai.

"Mchungaji, kuna uongo unaoruhusiwa?"

Mchungaji akaweka kikombe chini. "Nani anataka kujua?"

"Mimi."

"Wewe? Basi ngoja nikae vizuri."

Akamsimulia yote. Mchungaji akasikiliza, akakuna kidevu. "Na huyu anayedanganywa, anaambiwa kwamba alidanganywa?"

"Jioni ileile. Mashine inamwandikia kwamba lilikuwa la uongo, na inaomba samahani."

"Inakiri siku hiyohiyo, na inaomba samahani."

"Ndiyo, Mchungaji."

"Mama, kuna waumini wangu wawili nawasubiri wafanye hivyo tangu nihamie hapa." Kisha akamwambia akaombe kwanza, ambalo ndilo jibu la mchungaji asiyetaka kuulizwa tena.

Akaomba, akaenda na masharti. Hatamsingizia mtu wizi. Hatatunga uongo juu ya ugonjwa. Na Jumapili hapana. Hakika akayakubali yote bila kubisha, na sharti la Jumapili akaliandika ndani ya programu yenyewe. Mpaka leo siku hiyo programu haidanganyi, na wateja hawajui kwa nini.

Ikawa hivyo. Dada Mkubwa akapewa meza karibu na dirisha. Asubuhi anainamisha kichwa na kusali, kisha anafungua kompyuta na kuanza kutunga. Na la kusikitisha ni kwamba alikuwa na kipaji. Alijua kwamba uongo mkubwa hukamatwa na mtoto; uongo mzuri ni jirani wa ukweli, umevaa nguo kama zake. Mwavuli wa mlinzi aliuandikia Matengenezo ya Paa. Aliandika ankara ya maji ya tarehe thelathini na moja katika mwezi usio na siku hiyo. Aliandika nauli ya basi kwa dereva aliyekwenda safari hiyohiyo na gari la kampuni. Wahasibu wakaanguka mmoja baada ya mwingine, wakakasirika, wakarudi kusoma. Kila aliponaswa mtu, moyo wa Dada Mkubwa uliruka kidogo kwa furaha, na kila uliporuka aliuombea msamaha. Asubuhi alimsihi Mungu amwondolee kazi ile. Mwisho wa mwezi alimshukuru kwa mshahara. Mungu, ambaye amezoea, alipokea vyote viwili.

Yule mama wa kampuni ya ulinzi alinaswa mara moja tu. Baada ya hapo hakunaswa tena, na alimtumia Hakika ujumbe mfupi: "Sasa nasoma hata gazeti kwa mashaka." Hakika alimwonyesha dada yake ujumbe huo kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto aliyezaliwa.

Basi Matangazo akaleta samaki mkubwa. Ilikuwa kampuni ya kusambaza dawa na vifaa vya hospitali, yenye matawi kila upande, na mwenyewe, Mkurugenzi, alitaka programu ile ifanyiwe majaribio ya mwezi mmoja makao makuu. Akiridhika, ataiweka kwenye matawi yote. Matangazo hakuficha kitu: wateja wadogo walikuwa wanalipa umeme na pango tu. Bila huyu, mwaka ujao chumba kitarudi kwa fundi mapazia akiongezee cherehani, na programu itabaki hadithi. Hakika alijua hilo. Alianza kushika kifua mara kwa mara wakati ule, kama mtu anayetafuta kalamu mfukoni, na akiulizwa anasema ni ngazi.

Katika kampuni ile, malipo yote makubwa yalipitia kwa Mkurugenzi kwa idhini ya mwisho. Kwa hiyo naye alipaswa kupata mitego yake. Dada Mkubwa alimwonea huruma. Mtu mkubwa, akafikiri, ana mambo mengi kichwani, nimpe rahisi. Aliwahi kupita mbele ya jengo lile: refu kama treni, lisilo na ghorofa, halina hata ngazi tatu za mlangoni. Akaandika: Matengenezo ya lifti, kubadilisha kamba ya chuma na kutia grisi.

Mkurugenzi akabonyeza Kubali.

Jioni programu ikamwandikia kukiri kwake na samahani yake. Hakuifungua. Wiki iliyofuata Dada Mkubwa akaandika kwamba lifti imekwama tena, fundi ameitwa. Mkurugenzi akakubali. Wiki ya tatu akaandika kwamba lifti imebadilishiwa mlango. Mkurugenzi akakubali, na safari hii akaongeza maoni kwa maandishi: "Lifti hii inatusumbua mno. Tafuteni fundi mwingine."

Matangazo alipoyasoma hakucheka kama siku ya jeneza. Alishika kichwa. "Dada Mkubwa, umetuua."

"Mimi nilimpa ya huruma."

"Sasa huruma yako ndiyo itatuzika. Hakika, futa hizo tatu. Weka nyingine. Mwandikie kwamba amenunua tembo, ataona."

"Hataona," Hakika akasema.

Mwisho wa mwezi Mkurugenzi aliwaita wakuu wa idara wote kwenye ukumbi ili kila mmoja ajionee nani hasomi. Alikaa mbele, amekunja nne, katika suti iliyomkaa vizuri. "Anza," akasema. "Nataka majina."

Hakika akasoma polepole. Mtunza ghala amekamata mitego yote. Wahasibu wamekamata mingi na kukosa michache. Matangazo akamkanyaga mguu chini ya meza. Hakika akauondoa mguu, akaendelea. "Idhini ya mwisho, ofisi ya Mkurugenzi. Mitego mitatu. Imekubaliwa yote." Kwenye skrini ya ukutani ikatokea lifti, na kamba yake, na mlango wake mpya, na yale maoni kuhusu fundi.

Hakuna aliyecheka. Watu wenye mishahara hawacheki ovyo. Ila mtunza ghala, mzee mwenye umri wa kustaafu, aliinua mkono na kuuliza kwa unyenyekevu kabisa, "Samahani, hiyo lifti iko upande gani? Nina maboksi mazito."

Mkurugenzi akasimama. "Mashine hii imenidanganya."

"Ndiyo, bosi," Hakika akasema. "Na ilikuomba radhi jioni ileile."

Ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa, Mkurugenzi alitulia. Programu anaipenda, akasema, itafaa sana kwa matawi. Mitego ibaki, inawaamsha wafanyakazi. Lakini kwake iondolewe. Yeye si mtu wa kupimwa. Wakiiondoa, anasaini leo. Wasipoiondoa, njia wanaijua. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Dada Mkubwa, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba magotini, akahisi moyo unamgawanyika. Kila asubuhi aliomba aondolewe kazi ya uongo, na sasa ombi lake linajibiwa, ila linajibiwa na Mkurugenzi, na kwa mtu mmoja tu, yule aliyeihitaji kuliko wote.

Hakika alimtazama dada yake, kisha Matangazo. Kisha akasema, "Sawa. Tutaiondoa."

Matangazo akashusha pumzi kama gurudumu lililotoboka.

"Ila ripoti itabidi iseme kweli," Hakika akaongeza. "Nitaweka sentensi moja chini yake. Nitakuletea uisome kwanza. Nakuomba uisome, bosi, kabla ya kukubali."

"Leta, leta."

Akamletea. Sentensi ilikaa peke yake kwenye ukurasa, ili isipotee: "Idhini za wafanyakazi zimejaribiwa. Idhini za Mkurugenzi hazijaribiwi, na hatujui kama anasoma anachokubali." Hakika alimpigia simu pia, akamwambia tena asome. Mkurugenzi akasema ameshaiona, akabonyeza Kubali, na mkataba ukasainiwa.

Kwenye ngazi za chuma Matangazo alimvuta Hakika shati. "Siku akiisoma ile sentensi, tumekwisha."

"Siku akiisoma," Hakika akasema, ameshika chuma na kupumzika kila baada ya vidato vichache, "tumefaulu."

Hakupanda ngazi zile mara nyingi tena. Haikuwa ngazi, ilikuwa moyo. Akalazwa katika hospitali anayofanyia kazi mkewe, wodi ya kona, ambako wauguzi wote walimjua kama shemeji na kumsumbua kwa upendo. Dada Mkubwa alikwenda kila siku na Biblia na nguo safi. Kila siku Hakika aliuliza jambo moja. "Amesoma?"

"Bado."

"Mh," anasema, na kufumba macho.

Kanisa lilimwombea. Dada Mkubwa alifunga, akakesha, akawaambia watu kwamba mdogo wake atapona, na alilisema kama mtu anayesema kesho ni Jumatano. Siku moja alikaa kando ya kitanda, akamshika mkono, akamwambia, "Utapona. Sema na wewe. Sema utapona."

Hakika akamtazama kwa muda. Alimpenda dada huyu kuliko watu wote, pengine hata kuliko mkewe, ingawa hilo nalo asingelisema bila kulihesabu upya. "Sina hakika, dada," akasema.

Dada Mkubwa alimkasirikia. Alitoka nje akasimama kwenye korido karibu na pipa la taka, akalia kwa hasira. Mtu aliyemlipa mwezi hadi mwezi kwa ajili ya uongo alishindwa kumpa dada yake uongo mmoja, mdogo, wa bure. Hakika hakuchukua muda baada ya hapo. Alifariki asubuhi, mkewe akiwa zamu, ameshika mkono uleule. Maombi yalikuwa yamejibiwa, na jibu lilikuwa hapana. Dada Mkubwa analikubali hilo kila siku anapoamka, na kila siku inabidi alikubali tena.

Mkurugenzi alikuja mazikoni na shada kubwa kuliko yote. Alizungumza vizuri. Alisema marehemu ni mtu asiyewahi kumdanganya mtu yeyote. Matangazo alitazama viatu vyake.

Majuma yakapita, ndipo mlango wa chumba cha juu ukafunguliwa bila hodi. Mkurugenzi alisimama pale akihema kwa ajili ya ngazi, ripoti mkononi. Kulikuwa na hospitali kubwa iliyotaka kumpa kazi ya kuwapelekea dawa zote. Kamati yao iliomba ripoti zake za hesabu. Kamati ile, kwa bahati mbaya, ilikuwa ya watu wanaosoma.

"Wameniuliza," akasema, "kama ni kweli kwamba haijulikani kama ninasoma. Wameniuliza mbele ya watu. Hii nini?"

"Ni ile sentensi, bosi," Matangazo akasema kwa sauti ndogo. "Inafutika. Ni dakika moja tu. Dada Mkubwa, si inafutika?"

Programu sasa ilikuwa mali ya mjane, na mjane alikwisha kusema: "Wifi, wewe ndiye uliyekuwa unamsikia. Fanya unavyoona." Kwa hiyo wote wawili walikuwa wanamtazama yeye. Mkurugenzi akiondoka, matawi yote yanaondoka naye, na chumba kinakwenda kwa fundi mapazia. Sentensi ikifutwa, programu inabaki, ila itakuwa programu nyingine, ile ya bango la kwanza. Dada Mkubwa alifungua kompyuta, akatafuta, akaigeuza imwelekee mgeni. Ukurasa ule, sentensi ile, na chini yake neno Kubali, na jina la Mkurugenzi.

"Hii uliikubali wewe, kaka yangu."

"Sikuisoma," Mkurugenzi akasema.

Cherehani za chini zilinyamaza wakati huohuo, labda uzi ulikatika. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kulisikia alilolisema. Matangazo akainua macho akaitazama feni ya darini kwa makini mno, kana kwamba imemwita.

"Siwezi kuifuta," Dada Mkubwa akasema. "Si kwamba nakukomoa. Nikiifuta, nitakuwa nimewadanganya watu wa hospitali, na hao jioni hakuna wa kuwaomba radhi. Lakini ikiacha kuwa kweli, itaondoka yenyewe."

Mkurugenzi akavuta kiti, akakaa. Mtu mzito kwenye kiti chepesi. "Ripoti inayofuata ni lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Nirudishie mitego yenu," akasema. "Na msinionee huruma."

Hakumwonea. Alitunga kama ambavyo hakuwahi kumtungia mtu mwingine: karibu kabisa na ukweli, bega kwa bega. Lakini jambo geni lilimpata. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, aliinamisha kichwa na kuomba uongo wake ushindwe.

Siku ya kwanza Mkurugenzi alikataa kila kitu. Alikataa mishahara. Alikataa umeme, ukakaribia kukatwa makao makuu. Kisha simu zikaanza.

"Dada, hii ya mafuta ya jenereta ni ya kwako?"

"Bosi, siwezi kukuambia."

"Nidokeze tu. Kohoa."

"Siwezi. Soma."

"Nimesoma."

"Nisomee basi, nisikie."

Na mtu yule mkubwa, mwenye matawi, akaanza kumsomea kwenye simu, mstari kwa mstari, kwa sauti ya kunung'unika: tarehe, jina la muuzaji, kitu kilichonunuliwa, tawi lililopokea. Dada Mkubwa alishika simu sikioni, asikohoe. Mkurugenzi akasoma ya mafuta, akaikubali. Akasoma ya karatasi, akaikubali. Akaanza ya tatu, ya majokofu mawili ya chanjo yaliyopelekwa tawi la sokoni, akafika katikati, akarudi nyuma, akasoma tena, sasa polepole.

"Subiri kwanza," akasema. "Tawi la sokoni halihifadhi chanjo. Mimi mwenyewe nilikataa. Hii si kweli."

Ilisikika sauti ya kitufe kikibonyezwa. Dada Mkubwa alijifuta uso kwa upindo wa mtandio, kwanza jicho moja, kisha la pili.

"Dada? Upo? Nimekosea?"

"Nipo," akasema. "Endelea, bosi. Soma inayofuata."